Bomba la Moshi Chini ya Dirisha la Choo

Baba,

Boti imetolewa majini. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Imewekwa juu ya magogo nyuma ya gesti ya Baba Jeni, karibu na kamba za kuanikia mashuka, na nyasi zimeanza kupanda ubavuni. Kuku wanataga kwenye zile sofa nyeupe. Nimeona kwa macho yangu, nikacheka mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kusema isipokuwa matusi, na wewe hukutaka matusi karakanani kwako. Sasa ninalo la kusema. Matusi bado yamo kidogo, utanivumilia.

Mama hajambo. Amerudi kwaya. Asubuhi bado anachemsha chai ya watu watatu, halafu kikombe cha tatu anakinywa mwenyewe akiwa amesimama, kama mtu mwenye haraka, na hana haraka yoyote. Karakana ipo. Jenereta la yule mwalimu wa Nakwa limeondoka likiwa zima. Mwanzoni mtu alikuwa akifika na geti lake bovu ananitazama mimi, anatazama nyuma yangu, anauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nilikuwa naingia ndani kulia. Siku hizi najibu, "Mwenyewe ni mimi, shusha mzigo."

Ninaikumbuka sana ile jioni uliyotufundisha vyoo vya boti mezani. Baba Jeni ndiyo kwanza alikuwa ameleta boti yake kutoka Dar, imebebwa juu ya lori, nusu ya Babati imetoka barabarani kuishangaa. Boti ya starehe, ina chumba, ina vitanda, ina choo, ya kuwatembeza wageni wa gesti yake ziwani wakatazame viboko. Ilikuwa chakavu kwa ndani, na kazi ya kuifufua akakupa wewe, kwa sababu ndiwe peke yako hapa mjini uliyewahi kushika injini za boti, tangu ujana wako kule Ukerewe. Ulifurahi kama umepewa mjukuu. Ukaivuta sahani yako ya wali ukaifanya ziwa, kijiko kikawa boti, ukaanza kutueleza. Kuna choo kinachomwaga moja kwa moja majini, ukikanyaga pedali mzigo umekwenda. Kuna choo chenye tangi chini ya sakafu, ukifika nchi kavu ndipo linanyonywa. Halafu kuna kile cha kubeba, ndoo yenye mfuniko na dawa yake, unakwenda kumwaga mwenyewe. Mama akaweka kijiko chini. "Baba Pendo, watu tunakula." Ukamjibu, "Na baada ya kula?" Nikacheka mpaka nikapaliwa.

Kwa heshima ya Mama ukahamia kwenye moshi. Ukasema bomba la moshi linaweza kutokea nyuma, moshi ukichanganyika na maji yaliyopoza injini. Linaweza kupanda juu mpaka likapita paa. Linaweza pia kutokea ubavuni, lakini hapo ukatikisa kichwa. "Moshi mweusi hauna neno, unakufukuza wenyewe. Huu wa petroli usiouona ndio mbaya. Unakubembeleza ulale." Na boti ikiwa imesimama, ukasema, moshi hauendi mbali. Unakaa pale pale ubavuni unatafuta tundu la kurudi ndani.

Ulimwambia Baba Jeni hayo hayo. Bomba lipite juu ya paa, na choo kiwe na tangi, kwa sababu watu wanavua humo na wengine wanateka maji. Mimi nilikuwa nimeshika mwisho wa futi kamba, kwa hiyo nilisikia kila neno. Akasema, "Fundi, hii ni boti, siyo treni." Juu ya paa alitaka wageni wapigie picha. Nyuma alitaka wakae wale nyama choma bila kunusa petroli. Basi bomba litokee ubavuni, chini kabisa, na mahali penye nafasi ubavuni palikuwa pamoja tu, chini ya dirisha la choo. Na tangi? "Viboko wote wa ziwa hili wanajisaidia humo humo. Nani amewahi kuwadai tangi?" Watu wakacheka, hata wewe ukatabasamu. Ndivyo alivyo Baba Jeni. Anakuchekesha kwanza, ukimaliza kucheka unakuta umeshakubali.

Lakini wewe hukukubali. Uliliweka lile bomba kwa shingo upande, na ulipomaliza ulimwita ukamwonyesha. "Humo chooni moshi utaingia, Baba Jeni. Nimekwambia." Akakupiga bega. "Nimesikia, mzee wangu. Tuendelee."

Ile siku nitaiandika upesi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Yeye alikuwa Arusha, na wageni wake wa kwanza walikuwa wanakuja mwisho wa juma. Wewe ulikuwa ndani ya boti gatini, injini inaunguruma polepole, unaijaribu pampu ya choo, na upande mmoja wa turubai linaloziba boti ulikuwa umeufungua ili upepo upite. Simu ikaita. Mikono ilikuwa na grisi, ukaweka spika. "Fundi, mlinzi ananiambia turubai liko wazi. Lifunge bwana, sofa zangu zitalowa." Ukamwambia habari ya moshi. Akasema, "Moshi hauharibu sofa."

Ukalifunga, Baba. Ukalifunga kwa sababu ulikuwa mtu wa kuheshimu mali ya mwenzako.

Ukanituma mjini nikatafute klipu ya mpira wa pampu. Niliporudi injini ilikuwa inaunguruma vile vile, na wewe umekaa juu ya kifuniko cha choo, kichwa umekiegemeza ukutani, spana iko mapajani. Nilidhani umepumzika. Nilikuita. Nilikuita tena. Nikakuburuta nje kwenye mvua, na midomo yako ilikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuuona ukiwa hai. Hapo sitaongeza neno.

Baba Jeni alifika kutoka Arusha kabla hata ya Baba Mdogo kufika kutoka Ukerewe. Alileta jeneza. Alileta ng'ombe, mchele, lori la kubebea waombolezaji, na turubai. Turubai, Baba! Akalifunga mwenyewe uani kwetu, anavuta kamba, anahimiza vijana, watu wanasema tazama mtu mwenye utu. Wazee wakakataa usipasuliwe, wakasema mwili wa mtu mzima usichezewe, kwa hiyo ushahidi tukaufukia pamoja na wewe pale Nakwa. Na Baba Mdogo aliposimama kusoma wasifu wako, alisoma kwamba ulifariki ghafla kwa presha. Wewe, uliyekuwa unapanda mlima wa Kwaraa kutafuta asali! Presha ilikuwa ya mbele ya kaburi. Huku nyuma, penye masufuria, ilikuwa inatembea habari nyingine, kwamba mzee alikuwa amekunywa kidogo asubuhi ile. Niliuliza imetoka wapi. Kila niliyemuuliza alimtaja Baba Jeni. Wewe uliyeacha pombe kabla mimi sijazaliwa.

Nilitaka kusema pale pale. Baba Mdogo akanishika mkono, "Pendo, tusimwaibishe mtu aliyetusitiri." Ndiyo hivyo kwetu. Mtu akishakuletea jeneza na ng'ombe, mdomo wako unakuwa mzito. Mama alikuwa hawezi hata kusimama, nikanyamaza kwa ajili yake. Lakini nilipokuwa natupa udongo sikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa natazama viatu vya Baba Jeni, na nikajiapia kitu kimoja. Sikutaka kingine. Nilitaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale, kilichokuua.

Mavuno yalipokwisha akaja karakanani. Fundi mwingine hakumpata, injini ile inawashinda. Akakaa kwenye kigoda chako, bila kukaribishwa, akasema, "Kazi ya marehemu imaliziwe na damu yake. Itakuwa heshima kwa mzee." Mama aliinuka akaingia ndani. Mimi nikasema sawa. Baba Jeni akafurahi, akaniita binti yangu. Alipoondoka Mama aliniuliza jambo moja tu, "Unakwenda kumfanyia kazi yule?"

Nilifanya kazi nzuri, ungeipenda. Pampu ilivuta bila kukohoa. Nilipaka rangi mpaka kwenye kona ambazo hakuna mgeni atakayeziona. Bomba la moshi tu sikuligusa. Nililiacha pale pale alipoamuru, chini ya dirisha la choo.

Unaikumbuka sheria yako, ile iliyowafanya wateja wengine wakuite mkorofi? Mtu akikulazimisha kutengeneza kitu ulichokikataa, yeye ndiye wa kwanza kukitumia. Yule bwana wa Sigino alitaka ngazi ya nondo nyembamba ya kupandia tangi la maji, ukamtengenezea, ukamwambia panda. Alishuka kabla hajafika katikati, akasema, "Fundi, weka nene." Kwenye boti sheria hiyo ilikushinda kwa sababu mwenye mali alikuwa Arusha na wewe ulikuwa karibu na mashine. Basi mimi nikaamua kwamba sheria ni sheria, hata ikichelewa.

Siku ya uzinduzi aliwaita watu wengi. Mchungaji, wazee wa mtaa, wakwe zake, kwaya ya kina Mama. Alimlipia nauli hata Baba Mdogo, maana alitaka ionekane hana neno na sisi. Muziki, pilau, soda za kila rangi. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, kwa hiyo maturubai ya boti yalishushwa pande zote isipokuwa upande wa gati, waliposimama watu. MC akanipa maiki nitoe neno la fundi.

Nikawasalimu. Nikawaambia karakana ya marehemu baba yangu ina desturi yake, mwenye mali ndiye anayejaribu kwanza, na kwa kuwa injini wameshaisikia, leo kitakachojaribiwa ni choo. Makofi, Baba! Vigelegele! Vijana wakaanza kuimba, "Baba Jeni chooni! Baba Jeni chooni!" Naye mwenyewe akacheka kuliko wote, kwa sababu anapenda kushangiliwa. Akapanda na kofia yake ya nahodha na shati jeupe. Nikawasha injini nikaiacha iungurume polepole. Nikamwambia kwa adabu zote aingie, afunge mlango, akae, kwaya iimbe wimbo mmoja mpaka mwisho, ndipo atoke.

Akashika kitasa, akasimama.

Nilikuwa karibu naye, nilimwona pua zinavyocheza. Akageuka, bado anatabasamu. "Choo nimeshakiona, binti yangu."

"Kukiona siyo kukikalia, Baba Jeni."

Watu wakacheka tena, safari hii bila yeye. Aliyemmaliza ni mke wake. Mama Jeni hana ubaya na mtu, alikuwa hajui lolote, alitaka tu pilau lisipoe. Akapaza sauti kutoka gatini, "Ingia basi, baba! Si ulituambia mzee wa watu alikuwa amekunywa? Kwani wewe umekunywa?"

Kicheko kikakatika. Sijui kama wote walielewa, lakini wazee walielewa, nikaona wanatazamana. Jasho likaanza kumtoka usoni, na ule upepo wa mchana haukuwa na joto. "Pendo, zima mashine," akasema kwa sauti ya chini. Nikasogeza maiki karibu na mdomo wake nikamuuliza kwa nini. Akasema zima. Nikauliza tena kwa nini.

"Moshi," akasema. "Unaingia humu. Utaniua."

Spika zilikuwa kubwa, amezikodi mwenyewe, na ziwa zima lilisikia. Kama ningekuwa mtu mwema ningezima hapo. Nikamuuliza, "Nani alikuambia?"

Akanitazama, Baba. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kunitazama. Akasema, "Baba yako. Baba yako aliniambia."

Hapo ndipo nikazima. Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlango wa choo. Mama alikuwa mstari wa mbele wa kwaya na kanga ya sare, akakaa chini pale pale kwenye nyasi, na wenzake wakamzunguka. Baba Mdogo alivua kofia na hakuirudisha kichwani mpaka jioni. Wakwe waliondoka bila kula. Mchungaji alikuwa amekuja kubariki boti, akafunga Biblia yake akaenda kukaa na Mama. Na Jumapili iliyofuata Baba Mdogo alisimama kanisani akasema wasifu aliousoma ulikuwa na uongo, akataja moshi, akataja turubai, akaomba radhi kwako kwa jina lako lote.

Watu husema kisasi hakina utamu. Wanasema hivyo kwa sababu hawajakionja. Kilikuwa kitamu sana. Nilirudi nyumbani Bonga kwa miguu, nimekataa bodaboda, nataka njia iwe ndefu nikifikirie tena na tena: kofia yake, jasho lake, wakwe zake wanavyopanda gari. Nikafika getini nikaita, "Baba! Njoo usikie!" Nikasimama hapo na mkono juu ya komeo. Niliita hivyo kwa kweli, sikuwa nacheza. Na hicho nacho namdai yeye.

Sasa wananitaka nisamehe. Wazee wamekuja, wamekunywa chai yetu, wameniambia saba mara sabini. Mama ameshasamehe, anamtaja kwenye sala za jioni kwa jina, na mimi hapo hukohoa ili nisisikie. Baba Jeni alitaka kukujengea kaburi kwa vigae. Alileta saruji, nikairudisha na lile lile gari lililoileta. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na auonje taratibu. Wageni wa gesti yake wakianika taulo wanaiona boti pale, wanauliza mbona haiendi ziwani, na yeye anatakiwa ajibu. Kila mgeni. Mlinzi ndiye huniambia, na mimi humpa soda.

Juzi akaja mwenyewe. Hakuja na gari na hakuja na utani. Nilikuwa nimeinama nachomelea geti, nimevaa miwani nyeusi, nikaona viatu vile vile. Akasema, "Shikamoo, Fundi."

Baba, yule amekupita umri hata wewe. Mimi ndiye wa kumwamkia. Nilingoja acheke, aseme nakutania binti yangu, kama kawaida yake. Hakucheka. Nikavua miwani, nikamtazama mpaka akatazama chini, nikaitikia.

"Marahaba."

Mama alikuwa jikoni akasikia. Jioni alinigombeza kuliko siku zote, akasema mtoto wa Kikristo haitikii salamu kama ile, wewe ungekuwepo ungenipiga makofi. Huenda ni kweli. Neno limeshatoka, nami silirudishi.

Alichokuja kuomba ni bomba lipande juu ya paa na choo kiwekwe tangi. Kila ulichosema wewe, kwa mpangilio wako, anasema hata likionekana kama treni hajali. Kazi yenyewe naiweza, Baba, ulinifundisha. Nimemwambia nitaangalia nafasi.

Lala sasa. Kaburi lako nitalijengea mimi, kwa mkono huu, nikimaliza geti hili. Nakuahidi boti ile haitabeba mtoto wa mtu yeyote kabla moshi haujapanda juu ya vichwa vya watu na uchafu haujawa na tangi lake, kama ulivyotaka. Na nakuahidi jambo la pili, ambalo Mama asilisikie. Sitafanya haraka.

Mwanao,
Fundi Pendo,
Bonga